Utulivu wa Kiwandeo: Msafiri wa Gharama Nafuu na Utendi wa Chombo

Maandishi ya wageni yahusuyo visiwa vya Lamu yana sitiari moja iliyorudiwa mno hata ikakaribia kuwa kanuni ya utanzu: kwamba hapa wakati umesimama. Sitiari hiyo ilipata nguvu katika miaka ya 1970, pale vijana wa Ulaya na Marekani, wenye fedha chache na siku nyingi, walipoufanya mji wa Lamu kituo cha kutua katika safari zao ndefu. Mwaka 1977 Geoff Crowther alichapisha mwongozo uitwao Africa on the Cheap, na jina hilo pekee ladhihirisha itikadi ya utanzu mzima, yaani bara hupimwa kwa unafuu wake. Makala haya yanadai kwamba udhaifu wa sitiari ya wakati uliosimama ni wa kiusomaji kabla haujawa wa kihistoria.

Si bure kwamba Kiswahili kimemwita mgeni huyu mtalii. Kitenzi kutalii kina undugu wa asili na neno mtalaa. Mtalii kwa hiyo ni mtu asomaye. Swali la mhakiki ni je, anasoma nini?

Tuchukue safari ya kawaida kutoka Lamu kwenda Pate. Mashua hupita Mkanda, mlango mwembamba baina ya Manda na bara, ambao maji yakitoka huwa haupitiki kwa chombo kilichopakia. Abiria basi hungoja. Katika maandishi ya msafiri wa gharama nafuu kungoja huku hugeuzwa kuwa tabia ya watu: wakazi ni wapole, hawana haraka, saa kwao si kitu. Ilhali nahodha anafanya hesabu ambayo msafiri haioni: maji ni bamvua au maji mafu, pepo ni za kusi au kaskazi, shehena ina uzito gani. Kinachoitwa utulivu ni ratiba. (Na mwenye kuusifu mji huo kwa ukimya wake huenda hajapata kusimama gatini vyombo vinapowasili.)

Miaka miwili tu baada ya kitabu cha Crowther, huko Leiden, ulichapishwa utendi wa Ahmed Sheikh Nabhany, Sambo ya Kiwandeo, chini ya uhariri wa Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg. Kiwandeo ni jina la kale la kisiwa cha Lamu. Mshairi anakipa kila kiungo cha chombo jina lake, na kila kazi ya fundi na baharia istilahi yake. Wahakiki kadhaa wamependa kuuona utendi huu kama kamusi iliyotiwa vina, hazina ya msamiati unaopotea. Maoni hayo yana ukweli, lakini yanaupunja. Kutaja hapa ni mbinu ya kisanaa inayomlazimisha msomaji kwenda kwa mwendo wa kazi yenyewe. Huwezi kuruka ubao mmoja ukafika tangani. Utendi nao unakwenda polepole, ila upole wake umejaa maarifa, na hapo ndipo unapoachana na upole wa msafiri, ambao umejaa yeye mwenyewe.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumweka msafiri huyu kapu moja na mtalii wa ndege. Uchache wa fedha ulimweka kwenye mashua ileile iliyobeba abiria wa Siyu na Faza pamoja na magunia yao, ukampa saa nzima za kusikiliza. Hakuna mwandishi mgeni aliyekuwa na nafasi bora kuliko hiyo. Yasikitisha kwamba katika kurasa nyingi za aina hii abiria hao hawana majina wala mazungumzo, wanatabasamu tu.

Wala visiwa hivi havikungoja mgeni ndipo vitafakari wakati. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, huyatazama majumba ya Pate yaliyohamwa na kuuliza waliko wenyewe. Wakati katika utenzi huo haukusimama hata kidogo. Umepita na kubomoa.

Tofauti ya usomaji huu wawili ilipata uzito mwingine ujenzi wa bandari mpya ya Lamu ulipozinduliwa mwaka 2012. Penye macho yaliyozoea kuona maji matulivu na matupu, bandari haina inachokiondoa. Wavuvi walidai vingine. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, ikatambua haki zao za jadi za uvuvi pamoja na haki yao ya utamaduni. Katika shauri hilo bahari ya Lamu ilizungumzwa kama Nabhany alivyoizungumza, yaani mahali pa kazi penye wenyewe.