Dume, Jike na Pini: Uhakiki wa Istilahi za Viunganishi Vidogo vya Redio

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili istilahi za ofisini, za mahakamani na za darasani. Safari hii twapenda kuhakiki istilahi za fani yenye watu wachache, lakini yenye funzo kwa kila atungaye istilahi. Fani hiyo ni ufundi wa redio za ridhaa, na hasa kazi ya kuvika viunganishi vidogo kwenye kebo koaksia. Redio za ridhaa ni zile zinazoendeshwa na watu binafsi, kwa leseni, bila ya kutafuta faida. Vituo vyake hutambulikana kwa alama zinazoanzia 5H nchini Tanzania, 5Z nchini Kenya na 5X nchini Uganda. Waendeshaji wake wana desturi ya kujiundia vyombo, na hapo ndipo lugha hutiwa mtihani.

Kebo koaksia ina waya wa shaba katikati, kihami kinachouzunguka waya huo, wavu wa nyuzi za shaba juu ya kihami, na ganda la nje. Mwishoni mwake huvikwa kiunganishi. Aina mbili zipatikanazo sana ni BNC, ambayo hujifunga kwa kuizungusha pete yake robo mzunguko, na SMA, iliyo ndogo zaidi, yenye hesi za upana wa milimita 6.35.

Kasoro ya kwanza tunayoiona ni ya kitenzi. Katika maelekezo ya Kiswahili, na hata katika mazungumzo ya mafundi wenyewe, kitenzi *kufunga* kimetwishwa kazi zote. Twafunga mlango, twafunga mzigo, twafunga Ramadhani, twafunga bao na twafunga mtambo. Fundi aambiwapo afunge kiunganishi, haelewi ni tendo lipi atakiwalo kulifanya, maana kazi hiyo ina matendo manne yaliyo mbalimbali.

Kwanza hupitisha pete ndogo ya chuma juu ya kebo, kabla ya kulivua ganda. Akiisahau pete hiyo, itambidi kuivunja kazi na kuanza upya. Pili, huilehemu pini kwenye waya wa katikati. Tendo hili lataka wepesi wa mkono, kwa kuwa lehemu ya bati na risasi haiyeyuki chini ya nyuzi 183 za sentigredi, hali kihami cha polithini hulainika na kuyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi. Tatu, huichomeka pini ndani ya kiwiliwili cha kiunganishi, huutandaza wavu juu ya shingo yake, kisha huirudisha pete na kuifinya kwa koleo maalumu. Uzi mmoja tu wa wavu ukigusa pini, kazi yote imeharibika. Nne, kebo ikiisha kuwa tayari, nati ya kiunganishi hukazwa kwenye redio.

Twapendekeza basi kila tendo lipewe kitenzi chake: *kulehemu*, *kuchomeka*, *kufinya* na *kukaza*. Wapo watakaosema kwamba *kubana* latosha badala ya *kufinya*. Hatukubaliani nao. Kitu kilichobanwa huweza kuachiliwa kikarudi kama kilivyokuwa. Pete iliyofinywa imebadilika umbo, na hairudi tena. Tofauti hiyo ndiyo fundi anayohitaji kuijua kabla hajaliminya koleo.

Hali kadhalika yafaa kutenga *nati* na *kiwiliwili*. Maelekezo yasemayo tu kwamba kiunganishi kizungushwe humpoteza msomaji. Katika SMA kinachozungushwa ni nati peke yake, kwa spana ya milimita 8 na kwa nguvu ndogo, yapata nusu ya nyutoni-mita kwa kiunganishi cha shaba nyeupe au njano kisichohimili zaidi. Kiwiliwili kikizunguka pamoja na nati, pini husagika ndani ya tundu lake.

Kasoro ya pili ndiyo kubwa. Ni ya majina *dume* na *jike*. Hatuyapingi majina haya kwa sababu ya haya. Lugha nyingi za ufundi zimeyatumia, na fundi wetu huyasema bila ya kuona vibaya. Twayapinga kwa kuwa yana maana mbili. SMA ya kawaida ina sura mbili. Moja ina hesi za ndani, kama kifuniko cha chupa, na katikati yake mna pini. Ya pili ina hesi za nje, kama shingo ya chupa, na katikati yake mna tundu. Hapa jina *dume* halimsumbui mtu, kwa kuwa pini na hesi za ndani hukaa pamoja.

Lakini iko aina nyingine ya SMA iliyogeuzwa: yenye hesi za ndani ina tundu, na yenye hesi za nje ina pini. Aina hiyo ilienea kwa sababu ya sheria kuliko ya ufundi. Kanuni za mawasiliano za Marekani zilitaka vyombo vidogo visivyohitaji leseni viwe na viunganishi visivyo vya kawaida, ili mtumiaji asibadilishe antena ovyo. Sasa lipi dume? Mmoja atatazama pini, mwingine atatazama hesi, na wote wawili watakuwa na hoja.

Madhara yake hayaishii kwenye mabishano. Hesi za aina hizi mbili ni sawa, kwa hiyo viunganishi visivyopatana hukubali kukazwa pamoja. Pini ikikutana na pini, huvunjana. Tundu likikutana na tundu, kila kitu huonekana kimekaa sawasawa kwa nje, kumbe ndani hapana kinachogusana. Mwendeshaji akirusha mawimbi katika hali hiyo, nguvu hukosa njia ya kwenda kwenye antena na hurudi nyuma, na transista za hatua ya mwisho huweza kuungua. Neno moja lenye utata limeweza kumgharimu mtu redio yake.

Rai yetu ni kwamba jinsia iachwe, na sifa mbili zitajwe mbalimbali. Yenye hesi za ndani iitwe *plagi*, na yenye hesi za nje iitwe *soketi*. Maneno yote mawili yamekwisha zoeleka. Kisha ielezwe ya katikati. Hapo twapata majina manne yasiyogongana: *plagi yenye pini*, *soketi yenye tundu*, *plagi yenye tundu* na *soketi yenye pini*. Mbili za kwanza ni za kawaida, mbili za mwisho ni za kugeuzwa.

Tunajua pingamizi litakaloletwa. Kwa watu wengi plagi ni ile iliyo mwishoni mwa waya, nazo baadhi ya redio za mkononi zina plagi yenye pini iliyokaa kwenye redio yenyewe, na soketi ikawa kwenye antena. Jibu letu ni kwamba fasili hufuata umbo la kitu, haifuati mahali kilipowekwa. Mtu atakayekwenda dukani na kuagiza antena ya soketi yenye tundu atapata aitakayo, hata kama muuzaji hajaiona redio yake.

Istilahi ndefu kidogo isiyopoteza ni bora kuliko fupi inayopoteza. Twawaomba mafundi, walimu na wafasiri wazijaribu istilahi hizi kazini, kisha watuletee maoni yao, hasa pale watakapoziona zimepungua.