Fundi Asiyevunja Ukuta

Alipofika nyumbani kwetu Tabata, fundi bomba yule hakuuliza bafu liko wapi. Aliomba utulivu. "Dada, waambie watoto wasifungue bomba lolote kwa nusu saa. Choo nacho kisubiri." Kisha akachuchumaa mbele ya mita iliyo karibu na geti, akafuta kioo chake kwa kidole gumba, akatulia kama mvuvi anayeangalia mshipi.

Bili ya maji ilikuwa imepanda miezi mitatu mfululizo, bafu la wageni lilikuwa linanuka, na mafundi wawili walikwisha kuja kabla yake. Wa kwanza alibandua marumaru za bafu la wageni akitafuta chanzo cha harufu. Wa pili alichimba mtaro kutoka getini hadi kwenye mnara wa tanki akitafuta bomba lililopasuka. Wote walitoka jasho, nami niliwalipa kwa moyo mmoja, kwa kuwa jasho lilionekana. Bili haikushuka, harufu haikuondoka.

Ndani ya mita kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji yanapopita kwa uzi mwembamba. Nyumba nzima ilikuwa imefungwa, lakini kilizunguka, polepole, kinasita kisha kinaendelea. Mimi pale nilikwisha kutoa hukumu: bomba limepasuka chini ya ardhi. Fundi alitoa kalamu na daftari la shule, akaandika namba za mita na saa, akainuka.

Nyumba yetu ni kama nyingi za Dar es Salaam. Maji yana mgao, kwa hiyo yakitoka yanapanda kwanza kwenye tanki la lita 2,000 juu ya mnara wa zege, boya linayafungia njia tanki linapojaa, kisha yanashuka ndani kwa uzito wake yenyewe. Fundi aliigawa safari hiyo vipande vitatu na kukiuliza kila kipande peke yake. Akafunga koki iliyo chini ya mnara, kabla maji hayajapanda. Kigurudumu kikasimama. Kwa mizunguko michache ya kiganja alikuwa amelisafisha jina la bomba lote la ardhini, lile lililochimbiwa mtaro. Akafungua tena, akafunga koki inayoyashusha maji ndani. Tanki lilipomaliza kujazia pengo lake, kigurudumu kikasimama tena. Basi boya nalo lilikuwa zima.

"Mnywaji yumo ndani," akasema, na hakuongeza neno.

Kabla ya kuingia ndani alipanda mnara. Alifungua mfuniko wa tanki, akamulika chini kuona tope limefika wapi, akatafuta viluwiluwi vya mbu, akalisukuma boya kwa kidole na kusikiliza maji yakifunguka na kufunga. Nikiwa chini nimeshika ngazi, nikakumbuka nyumba za mawe za Lamu, ambako waliojenga mabafu walifuga samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi hao. Watu wa pwani walijua zamani kwamba maji yaliyokaa ndani ya nyumba yanataka mlinzi asiyelala.

Ndani alifuata mabomba kama mtu anayesoma. Mahali mabomba ya plastiki yanapoungana kwa kuchomwa, alipapasa kiungo kwa ncha ya kidole. Mabomba hayo ya PPR huunganishwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 hivi, na kiungo kizuri huacha pete mbili nyororo zilizolingana pande zote. Pete ikiwa nene kupita kiasi, fundi alizidisha sekunde, na plastiki iliyoyeyuka huenda imevimbia ndani ikabana njia. Alikuta kiungo kimoja cha namna hiyo nyuma ya sinki la jikoni, akanieleza kwamba ndicho kinachofanya bomba lile litoe maji kinyonge. Kisha akapitisha kipande cha karatasi kavu ya chooni chini ya kila nati. "Mkono hudanganya, una jasho lake. Karatasi haina."

Bomba la kufulia lilikuwa linadondosha, tone moja kila sekunde. Nililizoea hata sikulisikia tena. Akalitegea chupa tupu ya maji ya nusu lita, akaendelea na kazi. Baada ya dakika 35 hivi chupa ilikuwa imejaa. Tukapiga hesabu pamoja kwenye daftari: kwa siku ni lita 20, ndoo nzima. Mtu anayebeba ndoo kichwani kutoka kisimani anaujua uzito huo. Mimi nilikuwa nikiimwaga kila siku, na shingo yangu haikuwa na habari.

Lakini ndoo moja haikutosha kueleza bili. Aliandika tena namba za mita: ndani ya saa moja, bila mtu kutumia maji, lita 15 zilikuwa zimepita. Ndipo akatoa kichupa cha rangi ya keki, akadondosha matone machache katika tanki la kila choo, akakataza mtu kuflashi. Tulingoja dakika 20. Choo chetu kilibaki na maji meupe. Katika choo cha watoto, utepe mwekundu ulikuwa ukiteleza nyuma ya bakuli, mwembamba kama ulimi wa mjusi, bila sauti yoyote. Mpira wa kuzibia chini ya tanki ulikuwa umekakamaa, ukawa unaachia maji mchana na usiku. Lita 15 kwa saa ni karibu uniti 11 kwa mwezi. Maji hufuata mkondo, na huu ulikuwa mkondo uliofunikwa kwa mfuniko mweupe ninaoupangusa kila Jumamosi.

Ilibaki harufu. Aliingia bafu la wageni, lenye marumaru zilizobanduliwa, akapiga goti kwenye tundu la sakafuni na kumulika. "Bafu hili lilitumika lini mara ya mwisho?" Nikamwambia, tangu mama mkwe arudi Tanga. Akaomba makopo mawili ya maji na kijiko cha mafuta ya kupikia.

Chini ya kila tundu, bomba hujikunja na kushika maji ya kina cha sentimita 5 hivi. Maji hayo ndiyo mlango: yanayotumika yanapita, hewa ya shimoni inazuiwa. Bafu lisipotumika, mlango ule hukauka na kubaki wazi. Akamimina maji taratibu, akadondoshea mafuta juu yake ili yachelewe kukauka, akafungua dirisha. Kufikia adhuhuri harufu ilikuwa imekwisha. Nilisimama juu ya marumaru zile zilizovunjika nikitazama kile kijiko.

Nilipouliza malipo, alitaja ujira wa siku nzima. Vifaa alivyobadilisha, mpira wa choo na washa ya bomba, vingeingia kwenye mfuko wa shati. Nakiri kwamba ulimi wangu ulitaka kupunguza. Tumezoea kulipia nyundo. Mwenye kuvunja tunamwona akifanya kazi, lakini mwenye kutazama tunamwona amekaa. Ila kazi ya siku ile ilikuwa hasa katika yale ambayo mkono wake haukuyagusa: ukuta uliobaki mzima, ardhi ambayo haikuchimbwa mara ya pili, na kila koki iliyofungwa ili jibu moja lisichanganyike na jingine. Mtu huhitaji miaka mingi ya kuvunja kuta za watu ndipo ajue ni ukuta upi usio na kosa. Nililipa bila kupunguza.

Aliniachia ukurasa wa daftari wenye safu tatu: ya leo, ya mwezi huu, na ya kutazama tu. Katika safu ya tatu aliandika kazi zangu mwenyewe. Kila Jumapili, kopo la maji katika bafu la wageni. Mara moja kwa mwezi, kabla ya kulala, funga koki ya kupandisha tankini, ngoja kidogo, andika namba za mita, na asubuhi usome tena. Mwezi unaofuata acha koki hiyo wazi, tanki likiwa limejaa, ufanye vilevile.

Jana usiku tanki lilikuwa limejaa na koki nimeiacha wazi. Niliandika namba kwa mwanga wa simu, nikachuchumaa alipochuchumaa yeye. Alfajiri, kabla mtoto wa kwanza hajaamka, nilirudi getini na daftari. Namba zilikuwa zilezile.