Gari Si Barua

Kuna hadithi moja ambayo watu wa rika langu tumelishwa sana, kwenye filamu na kwenye zile kumbukumbu zinazojaa mitandaoni kila Siku ya Akina Baba. Mzee asiyesema sana, gari kuukuu, gereji ya nyumbani, mtoto ameshika tochi. Mwishoni gari linanguruma na sisi tunafuta machozi, ati tumeelewa: kumbe lile gari lilikuwa barua ya mapenzi. Mimi nimekuwa huyo mtoto wa tochi, na hiyo barua ina shida.

Chukua Gran Torino, filamu ya Clint Eastwood ya 2008. Walt Kowalski, mstaafu wa kiwanda cha Ford, anatunza Gran Torino ya 1972 ambayo mhimili wa usukani wake aliufunga mwenyewe kiwandani. Thao, kijana jirani wa jamii ya Wahmong, anajaribu kuliiba, na polepole Walt anaishia kumfundisha kazi. Sehemu ninayoipenda zaidi ni pale Thao anaposimama gerejini akishangaa ukuta uliojaa zana. Walt anamweleza kuwa mtu hukusanya vitu kama hivyo kwa miaka mingi. Kisha anampa vitatu vya kuanzia: kopo la WD-40, koleo ya kubana na utepe wa kugundisha. Sehemu hiyo inafanya kazi kwa sababu mzee anafungua mdomo.

Lakini mzee huyo huyo, akienda kuungama, anamwambia padri kwamba hakuwahi kuwa karibu na wanawe wawili. Anamwambia padri. Wanawe wenyewe hawasikii neno hilo mpaka anazikwa, na gari linaachiwa Thao. Filamu inataka tumwone Walt ametubu, na kwangu ametubu kwa anwani isiyo sahihi.

Ferris Bueller's Day Off, ya 1986, inachekesha zaidi ila kidonda ni kile kile. Babake Cameron ametumia miaka mitatu kurekebisha Ferrari ya 1961, na sasa inakaa kwenye chumba cha vioo kama sanamu. Baba mwenyewe hatumwoni hata mara moja. Siku Cameron anapochoka, analipiga gari mateke mpaka linachomoka, linavunja kioo na kutumbukia bondeni. Anasema atamngoja babake wazungumze. Unakaa vizuri kitini kuyasikiliza mazungumzo hayo, lakini kamera inamkimbilia Ferris anayeharakisha kufika kwao kabla ya wazazi.

Kwetu Buruburu hakukuwa na Ferrari. Gereji yetu ilikuwa nafasi ya kuegesha gari iliyoezekwa mabati, na ndani yake kulikuwa na Peugeot 504. Kwa Wakenya wa umri wa babangu, 504 haihitaji kutambulishwa. Ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Ziliunganishwa Mombasa. Zile ndefu za safu tatu za viti zilibeba abiria wa Nakuru kabla ya matatu za Nissan kuchukua barabara. Haya yote babangu angekupa akiwa amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana. "Mama," angesema, kwa sababu nimeitwa jina la mamake, "sogeza tochi." Kwake nilijifunza kuosha kabureta kwa petroli na mswaki wa zamani. Jumamosi tulishuka Kirinyaga Road, ambayo yeye bado huiita Grogan, tukazunguka duka kwa duka tukitafuta kipuri kimoja. Zilikuwa siku tamu, sikatai.

Kisha nikafika mwaka wa pili chuoni, karo ikakatika, nikarudi nyumbani na sanduku. Jioni hiyo babangu alinipa spana nambari kumi na tatu tukafunga kabureta. Hakuuliza kitu. Hakueleza kitu. Aliyekuja kuketi kitandani kwangu usiku akanieleza pesa zimeisha vipi ni mamangu, ambaye mshahara wake ulinunua unga na, mara nyingi kuliko tulivyopenda kusema, vipuri pia. Mtu kama yeye huwa hana nafasi kwenye hadithi hizi. Gran Torino inaanza mke wa Walt akiwa tayari kwenye jeneza.

Nikisimulia jioni ile ya spana, watu huniambia, "Ndiyo njia yake ya kukupenda." Naamini. Lakini hebu angalia nani amefanya kazi. Mtoto anashika tochi, kisha anakua, kisha anakaa chini kuandika maana ambayo mzee hakuitamka, na wasomaji wanampongeza mzee kwa kina chake. Tumezoea kutafsiri kimya cha baba zetu mpaka tunasahau kwamba maneno wanayo. Babangu angeweza kunieleza kazi ya difu kwa saa nzima bila kuchoka. Walt alikuwa na maneno ya kumpa kijana wa jirani. Kwa hivyo tusiseme hawa ni watu wasiojua kuongea. Wanachagua wataongea kuhusu nini, na sisi tunaopiga makofi mwishoni tunawaambia wamechagua vizuri.

Bado ningekwambia utazame filamu zote mbili, hasa ile ya Eastwood, kwa ajili ya ukuta ule wa zana. Ninachongoja ni filamu ambayo itaanza pale John Hughes alipomwacha Cameron. Kioo kimevunjika, Ferrari iko bondeni, na mlango wa mbele unafunguliwa. Baba anaingia. Hakuna gari tena la kuangalia, kwa hivyo itabidi waangaliane. Sijui kama itauza tiketi. Mimi nitakuwa safu ya mbele.