Kauri Mahali pa Uso

Mwaka 1834 bunge la jimbo la South Carolina, Marekani, lilipitisha sheria ya kukataza watumwa wasifundishwe kusoma na kuandika. Mwaka huohuo, Edgefield, ndani ya jimbo hilohilo, mfinyanzi mtumwa aliyeitwa Dave alichora mistari miwili yenye vina kwenye udongo mbichi wa mtungi, akaweka na tarehe. Aliendelea hivyo hadi miaka ya 1860: jina lake, tarehe, mara mojamoja ubeti. Na mitungi yenyewe haikuwa pambo la sebuleni. Ilikuwa ya kuhifadhia nyama ya chumvi na mafuta huko mashambani, mikubwa ajabu. Mmoja wa mwaka 1859, alioutia sahihi pamoja na mwenzake Baddler, unachukua kama lita 150.

Msomaji aliyelelewa na vina vya Kiswahili hahitaji mwalimu ili amwelewe Dave. Ubeti wake ni mfupi, unatania, halafu ghafla unachoma. Katika mmoja wa mwaka 1857 anauliza ndugu zake wote wako wapi. Hebu fikiria: swali hilo limeandikwa kwenye bidhaa, na aliyeliandika naye ni bidhaa, ana bei yake.

Sasa mfinyanzi wa leo anamjibuje mtu kama huyu? Swali hilo ndilo lililobebwa na maonyesho ya mitungi ya Edgefield yaliyofunguliwa Metropolitan Museum, New York, mwaka 2022, ambapo kazi za wasanii wa leo ziliwekwa pamoja na zile za karne ya 19. Wengi wetu tumeziona kwenye picha tu, na picha inadanganya kuhusu ukubwa. Lakini kuhusu wazo haidanganyi sana.

Theaster Gates alishaanza kazi hii mapema. Mwaka 2010, kwenye jumba la sanaa la Milwaukee, alimpa Dave kwaya kubwa ya nyimbo za injili. Kuna waliosema amezidisha. Mimi naona alielewa jambo ambalo wanahistoria wa ufinyanzi walilipita haraka, kwamba maandishi ya Dave yana sauti. Ubeti wenye vina unataka mdomo, hautoshi kutazamwa kwenye kabati la kioo. Shida yangu na Gates ni nyingine: ukikaa naye kidogo, unaanza kumsikia Gates kuliko Dave. Kwaya ile imekuwa kubwa kuliko mtungi.

Simone Leigh ni mtulivu zaidi, na kwangu ndiye anayefika mbali. Edgefield ilikuwa pia na mitungi midogo yenye sura za watu, macho na meno meupe ya udongo wa kaolini, iliyofinyangwa na watumwa ambao majina yao hayakuandikwa. Watafiti wengi wanaihusisha na watu wa Kongo walioingizwa kimagendo na meli iitwayo Wanderer mwaka 1858, miaka 50 baada ya Marekani kupiga marufuku kuingiza watumwa. Mwaka 1882 mpigapicha mmoja wa Aiken, jirani na Edgefield, alimkalisha mwanamke mweusi kando ya mtungi wa aina hiyo, akautia ua la alizeti. Ilikuwa dhihaka dhidi ya Oscar Wilde, aliyekuwa akizunguka Marekani akihubiri uzuri wa sanaa. Yaani kichekesho kilikuwa hiki: ati hata huyu naye ana habari ya uzuri! Wilde alikwenda zake na hadithi yake tunaijua. Jina la mwanamke yule hakuna aliyejali kuliandika.

Leigh alimchukua mwanamke huyo akamfinyanga upya kwa ajili ya maonyesho ya Venice ya mwaka 2022. Ua la dhihaka halipo. Kazi ameiita Anonymous, yaani asiyejulikana jina, na sijali kama jina hilo ni kavu. Angempa jina la kubuni ningekasirika. Karibu yake kulikuwa na mtungi mkubwa mweupe ambao mahali pa macho na meno una kauri, kubwa kubwa.

Hapo msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo wahakiki wa New York hawana. Kwetu kauri ni yule simbi wa pwani, na kauri ni vyombo vile vya kichina. Waitaliano nao walifanya hivyohivyo: porcellana ilikuwa jina la simbi kabla ya kuwa jina la kikombe. Na simbi hao walikuwa fedha. Kauri za Maldivi zilinunulia watu Afrika Magharibi, na katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizipakia Zanzibar kupeleka hukohuko. Kwa hiyo Leigh anapoweka kauri palipokuwa na uso, ameweka bei palipokuwa na mtu. Kwa Kiswahili mtungi huo unajisoma wenyewe.

Hata hivyo weupe wake safi unanitia shaka. Mitungi ya Edgefield ilipakwa majivu na mchanga vikageuka kioo motoni, rangi ya kijani na kahawia, ikichuruzika. Ina jasho. Ya Leigh imeoga.

Adebunmi Gbadebo hana tatizo hilo. Udongo wake anauchimba True Blue, shamba la zamani huko South Carolina ambako mababu zake walitumikishwa na kuzikwa, na ndani yake anachanganya mchele na nywele. Vyombo vyake vimepasuka, vimepinda, vingine havisimami vizuri. Hamwigi Dave hata kidogo, na bado ndiye mrithi wake wa karibu zaidi.

Tukizungumzia warithi: methali yetu inasema mfinyanzi hulia gaeni, na Dave hata gae halikuwa lake. Mwaka 2025 jumba la sanaa la Boston lilikubali kuwarudishia wazao wake mitungi miwili. Mmoja lilibaki nao kwa mkopo. Wa pili, wenye ubeti unaozungumzia fedha taslimu, lilikaa chini na familia hiyo likaununua upya.