Njano ya juu haitibiwi kwa urea

Kulikuwa na shamba la mfano kule Bunda msimu wa vuli. Mahindi yamefika magotini, majani ya chini kijani kibichi, ya moyoni yamepauka njano. Siku ya kukuzia, msimamizi akaagiza urea. Alikosea, na kosa lilikuwa limeandikwa kwenye jani.



Mhindi ukikosa nitrojeni huvunja protini ya majani ya chini na kuipandisha juu, kwa hiyo njano huanzia chini. Pale iliyokosekana ni salfa, nayo haihami kirahisi namna hiyo, ndiyo maana jani changa huumia kwanza. Wa kusingizia zinki wapo, lakini ukosefu wa zinki huacha utepe mpana mweupe karibu na kitako cha jani. Pale haukuwapo.

Tuingie ndani ya jani. Salfeti inayotoka mzizini huwekwa akiba kwenye vakuoli. Ikifika kwenye kloroplasti hufungwa na ATP ikawa APS, halafu kimeng'enya cha APS ridaktasi huanza kuinyang'anya oksijeni mpaka iwe salfaidi, nayo hukutana na O-asetilserini ikawa sisteini. Lango la kazi hiyo ni APS ridaktasi. Glutathioni, inayotokana na sisteini hiyo, ikijaa, jani hulibana. Salfaidi ikipungua, O-asetilserini hurundikana, lango hufunguliwa na mizizi huchochewa kunyonya salfeti zaidi. Siku ile lango lilikuwa wazi, cha kupitisha hakuna. Urea ina nitrojeni asilimia 46 na salfa sifuri. Bila sisteini na methionini, asidi amino zenye salfa, nitrojeni ile ingejenga protini gani? Moyo wa mhindi ukazidi kupauka.

Mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, ina nitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24. Enzi za kiwanda cha mbolea cha Tanga tuliitengeneza wenyewe. Sasa tunapandia DAP, tunakuzia urea, na zote mbili hazina salfa. Halafu tunachoma mabua, salfa iliyobaki inapaa na moshi. Butiama na Musoma Vijijini kuna ng'ombe, na samadi yao ina salfa. Kwa nini irundikane zizini wakati mchanga wa Majita, hapo jirani, una njaa?

Mabwana shamba, kagueni jani la juu kabla ya kufungua mfuko. Likiwa njano na la chini ni kijani, wekeni SA.