Kipimo cha Boriti: Jinsi Mji wa Kale wa Lamu Ulivyotengenezwa Upya

Atakaye kufahamu jinsi mji wa kale wa Lamu ulivyookolewa usiporomoke, na asianze kwa kuitazama milango ya nakshi ambayo kila mgeni huipiga picha, bali ainue uso aitazame dari. Kwa maana zile boriti za mkoko zilizopangwa pale juu ndizo zilizoweka sheria ya ujenzi kabla ya serikali yoyote kuweka ya kwake. Boriti, ikitakiwa kubeba mzigo mzito bila ya kupinda, haivuki nafasi kubwa, na kwa sababu hiyo upana wa chumba aghalabu ni kiasi cha mita 2.5 hadi 2.8, huku urefu wake ukiachwa uende utakavyo. Ndipo ikawa nyumba ya Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe mjini humo, ni msururu wa vyumba vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: ukiiacha daka na kupita tekani hufika kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho kabisa ndani, ambamo zidaka za chokaa iliyochongwa hupokea mwanga uliokwisha kuchujwa na vyumba vilivyotangulia.

Juu ya boriti hulazwa mawe bapa ya matumbawe, na juu ya mawe humwagwa zege la chokaa na kokoto, ambalo hupondwa kwa mbao mpaka likaze, kazi iliyokuwa zamani ikifanywa kwa nyimbo ili mikono yote ishuke kwa pamoja. Kuta nazo, zenye unene wa karibu nusu mita, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Jengo la namna hii lina nguvu nyingi na adui mmoja, naye ni maji. Kwani yakipenya ufa mdogo wa sakafu ya juu, hushuka moja kwa moja hadi kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani, na hapo, mahali ambapo jicho halifiki, ndipo zinapooza. Mwenye nyumba huona dari nzima mpaka siku inapoanguka.

Kwa hiyo nyumba ya Lamu haikujengwa mara moja ikaisha. Ilihitaji mkono wa mtu kila baada ya masika, apake chokaa upya na kuziba nyufa, na mkono huo ulihitaji mali. Mali ile ilipungua kwa sababu zisizohusiana na ujenzi hata kidogo: reli iliyofika Ziwa Viktoria mwaka 1901 iliivuta biashara kuelekea Mombasa, mwaka 1907 hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya, na mashamba ya bara yaliyokuwa yakilimwa kwa jasho la wasio huru yakakosa wa kuyalima, wala hapana haja ya kuusikitikia utajiri wa namna ile, kisha katika miaka ya 1960 vita vya shifta vikawafukuza wakulima wengi kutoka pwani ya bara iliyokabili visiwa. Jumba lililojengwa kwa faida ya majahazi likabaki mikononi mwa warithi kumi waliogawana kila kitu isipokuwa gharama ya kulitengeneza.

Uokozi wenyewe ulianza kwa kalamu na futi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua iliyokuwa ya busara kupita zote. Usam Ghaidan, msanifu majengo, aliupima mji huu na kuandika kitabu juu ya Lamu kilichotoka mwaka 1975. Muongo mmoja baadaye Francesco Siravo na Ann Pulver wakaandaa mpango kamili wa hifadhi, ambao Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliuchapisha mwaka 1986, na mwaka huo huo mji wa kale ukatangazwa katika gazeti la serikali kuwa eneo lililolindwa. Ubora wa mpango huo ni kwamba haukuichagua nyumba moja nzuri na kuzipa kisogo nyingine, bali uliushughulikia mji mzima pamoja na vichochoro vyake, wikio zinazopita juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, na Usita wa Mui wenye maduka. Ngome, iliyoanza kujengwa mwaka 1813 na kumalizika 1821, na ambayo kwa miaka mingi iligeuzwa jela, ilikabidhiwa Makumbusho mwaka 1984. Na jengo lililokuwa likikwepwa na watu likawa mahali pa maonyesho na mikutano. Orodha ya Urithi wa Dunia ilikuja baadaye sana, mwaka 2001, ikakuta kazi kubwa imekwisha kufanywa.

Walakini tangazo la serikali halizibi ufa. Shida ya kweli ya ufundi ilikuwa saruji, ambayo ilikwisha kuingia mjini ikiwa na sifa ya kukauka upesi na kuonekana ya kisasa. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, na ukuta wake hunywa unyevu wa ardhi na chumvi ya bahari na kuutoa tena kupitia chokaa. Ukiufunika kwa lipu ya saruji, unyevu hauna pa kutokea. Chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, huganda, hupasua, na ule ukuta uliodumu karne mbili huanza kuwa unga kutoka ndani. Ikabidi mafundi warudie maarifa yaliyokuwa yakififia: kupanga matumbawe juu ya magogo katika tanuu la duara, kuyachoma, kuyanyunyizia maji mpaka yawe unga, kisha kuiacha chokaa ikomae muda mrefu, jambo ambalo mwenye haraka haliwezi. Na vitu vyote hivi, mawe, mchanga na chokaa, huletwa kwa jahazi na kumalizia safari mgongoni mwa punda, kwani kichochoro hakipitishi gari. Hesabu ya fundi wa Lamu ina mstari wa punda ambao mkandarasi wa Nairobi hajapata kuuandika.

Yako mawili ambayo mpango ule haukuyamaliza. La kwanza ni boriti zenyewe: marufuku ya kukata miti iliyotangazwa Kenya Februari 2018 iliwagusa na wakataji mikoko wa Lamu, na kwa muda hifadhi ya msitu ikasimama mlangoni mwa hifadhi ya mji. La pili ni zito zaidi. Nyumba ikitengenezwa hupanda thamani, na nyingi zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya ambao, kwa insafu, wamezitunza vizuri kuliko warithi walivyoweza. Lakini mwenye kuja wiki tatu kwa mwaka haketi barazani alasiri, wala mtoto wake haendi chuoni asubuhi, na kichochoro chenye kuta nyeupe zisizo na ila kinaweza kuwa kimya kuliko kilipokuwa gofu.

Kazi lakini haijakoma. Fundi mkongwe akiitwa nyumbani hapimi kwanza kwa futi; hubisha ukuta kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, akisikiliza, na mahali sauti inapokuwa tupu huchora alama ya mkaa. Kisha huing'oa lipu ya saruji kwa patasi, na nyuma yake humwagika mchanga wenye maji ambao jana ulikuwa ukuta. Hapo hukusanya vyombo vyake na kumwambia mwenye nyumba kwamba kazi ya leo imekwisha: ukuta uachwe uchi kaskazi nzima, ukauke, naye atarudi na chokaa yake.