Hamsini na mbili toa ishirini na saba

Mtoto wa mwaka wa tatu hapa Kilibula, Kongo, anaandika 52, chini yake 27, anapiga mstari na kujibu 35. Mzazi anaweka alama nyekundu: rudia mara kumi. Anarudia, na mara zote kumi anapata 35.

Si uvivu. Mtoto ana kanuni yake: katika kila safu, namba ndogo itolewe kwenye kubwa. Saba haitoki kwenye mbili, basi anageuza. Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton wa Marekani walichambua makosa ya namna hii, wakaonyesha kwamba mtoto mara nyingi anafuata kwa uaminifu kanuni mbovu. Kumrudisha kwenye hesabu ileile ni kuikomaza kanuni hiyo. Na mwalimu, ambaye darasa lake limefurika tangu shule za msingi za serikali zitangazwe bure Septemba 2019, hana nafasi ya kumuuliza kila mmoja amefikaje hapo. Swali hilo limebaki kwa wa nyumbani.

Dawa ni njiti za ufagio. Funga vitita vitano vya kumikumi, acha njiti mbili pembeni, kisha mwambie atoe saba. Hazitoshi, lazima afungue kitita. Vinabaki vinne, na njiti kumi na mbili. Atoe saba zibaki tano, atoe vitita viwili vibaki viwili: 25. Wengi wanafika hapo vizuri, kisha wanatupa njiti na kurudi daftarini kana kwamba ni somo jingine. Mkono unapofungua kitita, palepale kalamu ikate 5 na kuandika 4. Bila hatua hiyo njiti ni mchezo tu.

Iko njia ya pili, ya wauza samaki wa ndakala. Fungu la faranga 1,500, umempa muuzaji noti ya 5,000: hafanyi hesabu ya kutoa, anapanda. Mia tano kufika 2,000, elfu tatu kufika 5,000, chenji yako 3,500. Vivyo hivyo 27: tatu kufika 30, ishirini kufika 50, mbili kufika 52, jumla 25. Mwaka 1985 watafiti wa Recife, Brazil, waliwapima watoto watano wauzaji wa mtaani: kwenye biashara yao walipatia asilimia 98, hesabu za aina hiyohiyo zilipoandikwa kavu karatasini asilimia 37. Kwa hiyo mtoto anayetumwa sokoni aulizwe chenji kabla hajaipokea, kwa Kiswahili. Namba za Kifaransa zisomwe baadaye.

Jioni hesabu tano zinatosha, ila zichanganywe. Tia 58 toa 23 katikati ya zile za kufungua kitita. Akifungua kitita hapo, amekariri mwendo tu. Rudini kwenye njiti.